Kadi ya mkopo ya kwanza: ni nani atakayekukubali upesi hapa Mombasa?

Kila Novemba ikikaribia kwisha, vyumba vikianza kujaa wageni wa krismasi, wenzangu hotelini hunijia na swali lile lile: "Dada, kadi ya mkopo ya benki gani ndiyo rahisi kupata?" Mimi nakaa ofisi ya hesabu, pesilipu zao hupitia mikononi mwangu, basi huona nitakuwa na jibu. Baadhi yao nimewasindikiza mpaka kaunta za benki Barabara ya Nkrumah na Moi Avenue, nikasikia wanavyokubaliwa na wanavyokataliwa. Mimi mwenyewe nilikataliwa mara mbili kabla ya kupewa.

Jibu langu ni kwamba usianze na jina la benki. Anza na kuuliza ni nani tayari anaziona pesa zako zikiingia na kutoka. Benki mbili zinaweza kutangaza kadi ya daraja la chini kwa masharti yanayofanana kabisa, na moja ikakupa kwa wiki moja huku nyingine ikikuzungusha miezi mitatu. Kinachotofautisha ni kama unafahamika pale. Kwa hivyo nitazilinganisha njia zenyewe, wala si rangi za kadi.

Benki inakopitia mshahara wako

Kama mshahara wako huingia kwenye akaunti kila mwezi bila kukosa, hapa ndipo pa kwanza pa kubisha hodi. Makaratasi ni yale yale karibu kila mahali: kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), pesilipu za miezi mitatu, stetimenti ya miezi sita na barua ya mwajiri. Lakini kwenye benki yako mwenyewe stetimenti wanayo. Wanajua mshahara huingia tarehe ngapi, unabaki siku ngapi, na kama hundi au makato yako yamewahi kurudi. Hawana haja ya kukuamini kwa maneno.

Mtihani wa kwanza ni ajira. Watu wa hoteli za Nyali, Bamburi na Diani tunaujua uchungu huu. Wengi wetu tuna mikataba ya msimu, miezi sita au minane, na mvua za Aprili zikianza kupiga mtu anaambiwa apumzike nyumbani mpaka Julai. Benki hutaka kuona mkataba ambao haujakaribia kwisha. Ukienda Machi na mkataba unaokoma Aprili, utakataliwa hata kama mshahara wako ni mnono. Nenda mara tu unapoupokea mkataba mpya, wino ukiwa haujakauka. Mhudumu mmoja wa baa pale kwetu alikataliwa Machi, akarudi Agosti na mkataba mpya kwa mshahara ule ule, akakubaliwa.

Mtihani wa pili huwakamata wengi bila kujua, nao ni theluthi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwenye mshahara yasizidi theluthi mbili, yaani lazima uende nyumbani na angalau theluthi moja. Mtu wa mshahara wa shilingi 36,000 hawezi kukatwa zaidi ya 24,000, na humo mna kodi, akiba ya uzeeni (NSSF), bima ya afya, sacco (chama cha akiba na mikopo) na mkopo wa benki. Afisa wa mikopo huangalia mstari wa mwisho wa pesilipu kabla ya mstari wa kwanza. Nimeona mtu wa 70,000 akikataliwa kwa sababu anabakiwa na 24,000 tu, na mtu wa 40,000 asiye na mkopo wowote akipewa kadi siku nne baadaye. Ukiwa na mkopo wa sacco unaokaribia kwisha, umalize kwanza, usubiri pesilipu moja iliyo safi, ndipo uombe.

Limiti ya kwanza, yaani kiasi cha juu unachoweza kutumia kwa kadi, huwa ndogo. Ichukue hivyo hivyo. Ukiitumia vizuri miezi kadhaa, wao wenyewe hukupigia simu kutaka kuiongeza.

Kadi ya dhamana ya amana

Njia hii haitangazwi sana, na kwangu mimi ndiyo bora kwa watu wengi wa mji huu ambao hawana pesilipu: mwenye kibanda cha mboga Kongowea, fundi wa cherehani Majengo, dereva wa tuk-tuk, dada anayeuza viungo Marikiti. Unaweka pesa benki, kwa kawaida kwenye akaunti ya fiksidi, ile ya kufungia pesa kwa muda maalum, benki inaziwekea zuio, halafu inakupa kadi ya mkopo yenye limiti iliyo chini kidogo ya zile pesa. Tuseme umeweka 50,000, unaweza kupewa limiti ya 40,000. Pesa zako zinabaki zako na faida ya fiksidi unaendelea kuipata, ila huwezi kuzitoa kadi ikiwa bado wazi.

Watu huniuliza, na swali ni la haki: kama ninazo hizo 50,000, kadi ya nini tena? Nawajibu hivi. Mosi, akiba haiguswi. Mfanyabiashara akiwa na 50,000 kwenye M-Pesa, kufikia Jumamosi imekuwa 31,000, na hakuna anayejua 19,000 zimeendea wapi. Pili, na hili ni kubwa zaidi, unaanza kuandika historia. Tangu kanuni za 2013, benki hupeleka kwenye ofisi za CRB, zile zinazoweka rekodi za mikopo ya watu, habari za wanaolipa vizuri pia, si za wanaoshindwa tu. Kila mwezi unaolipa kwa wakati unaandikwa. Baada ya mwaka una ushahidi ambao muuza mboga mwenzako hana, ingawa mauzo yenu ni sawa.

Kukubaliwa hapa ni rahisi kwa sababu hatari yote iko upande wako. Ukishindwa, benki inachukua amana, na imemaliza. Kwa hivyo afisa haulizi sana kuhusu ajira. Atataka kitambulisho, PIN ya KRA, mahali unapoishi, na wakati mwingine stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita au kibali cha biashara cha kaunti.

Angalia mambo mawili kabla ya kutia sahihi. Uliza ukifunga kadi, zuio linaondolewa baada ya siku ngapi. Na uliza waziwazi kama kadi hiyo inaripotiwa CRB kama mkopo. Ikiwa hairipotiwi, nusu ya faida yake imepotea.

Benki nyingine, kwa sababu ya bango

Hapa nitakuwa mfupi. Nilikataliwa mara ya kwanza kwa kufuata bango lililokuwa karibu na mzunguko wa Buxton. Lilisema kadi ni ya kila mtu. Nilijaza fomu, nikapeleka pesilipu, nikasubiri wiki tano, nikajibiwa kwa ujumbe wa mstari mmoja. Nilipokwenda kuuliza, kijana wa kaunta alinieleza kwa upole: "Mama, hatukufahamu. Lete mshahara hapa miezi sita, kisha tuzungumze." Hakuwa na makosa. Ila kila ombi kama hilo huacha alama kwenye ripoti yako ya CRB, kwamba benki fulani ilikuchungulia. Ukiomba kadi benki nne ndani ya mwezi mmoja, ya tano inaona mtu anayehangaika.

Na yule anayekufuata nje ya benki akisema ana mtu wake ndani, umpe 3,000 akupitishie? Hakuna ada ya namna hiyo. Mpite.

Kabla ya yote, CRB

Mara ya pili nilikataliwa na benki yangu mwenyewe, na nakumbuka mpaka kiti nilichokalia. Afisa alikuwa bibi wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Alibofya, akanyamaza, akaigeuza kompyuta nione. Mstari mmoja ulikuwa na rangi nyekundu: shilingi 1,250, mkopo wa programu ya simu niliouchukua miaka mitatu nyuma, siku ambayo mtoto alikuwa na homa na matatu hazikuwa zikitembea. Nilibadilisha laini, nikausahau. "Mshahara wako naupenda," akaniambia, "lakini hii ikiwa hapa, mfumo haunikubalii hata nikitaka."

Niliulipa siku ile ile nikiwa nje kwenye ngazi za benki. Lakini kulipa si kufutika. Habari ya kushindwa kulipa hukaa kwenye rekodi miaka mitano tangu siku ulipomaliza deni, ingawa sasa huandikwa kwamba limelipwa, na benki nyingi hutofautisha deni lililolipwa na lililo wazi. Tangu 2020 madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000 hayaorodheshwi tena kama ya mtu aliyeshindwa, na mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30 kabla ya kukupeleka huko. Langu lilizidi kwa 250.

Basi, kabla hujajaza fomu yoyote, itafute ripoti yako. Ofisi zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Kisheria una haki ya ripoti moja kwa mwaka bila malipo. Metropol hutoa pia alama kuanzia 200 hadi 900, na chini ya 400 maana yake una deni ulilolikwepa. Ukikuta kosa, kwa mfano deni ulilokwisha kulipa bado liko wazi, peleka risiti na udai lirekebishwe kwanza. Usiiache kazi hiyo mpaka uwe mbele ya afisa.

Kwa anayeikwepa riba

Mombasa huwezi kuzungumzia kadi bila kufika hapa. Nusu ya wanaoniuliza huongeza kwa sauti ya chini: "Lakini dada, si itakuwa riba?" Ni swali zito na linastahili jibu zito. Kwa ununuzi, kadi ya kawaida hutoza riba pale tu unapochelewesha salio. Ukilipa lote kabla ya tarehe ya mwisho, hulipi riba. Wengine huridhika na hilo. Wengine wanasema mkataba wenyewe una sharti la riba, basi kuutia sahihi ni tatizo tayari, na msimamo huo nauheshimu.

Benki za Kiislamu zilianza rasmi nchini mwaka 2008, First Community Bank na Gulf African Bank zikitangulia, na baadaye benki kadhaa za kawaida zikafungua madirisha ya Kiislamu. Kadi ya mkopo ya mfumo huu kwa kawaida hutumia ada maalum inayojulikana tangu mwanzo, badala ya asilimia inayopanda juu ya deni. Lakini uliza kwa makini: kadi unayoonyeshwa ni ya mkopo, au ni ya kutolea pesa za akaunti yako tu? Zote zina alama ya Visa au Mastercard, na mtu anaweza kutoka amefurahi kumbe amepewa kadi ya akaunti. Kukubaliwa si rahisi zaidi wala kugumu zaidi kuliko benki nyingine. Pesilipu, theluthi na CRB ni vile vile. Kama tayari unaweka akiba kwenye benki ya Kiislamu, anzia hapo hapo.

Wanachama wa sacco nao waangalie jambo hilo hilo. SaccoLink, ile kadi inayotolewa kupitia Co-operative Bank, hutoa pesa zako zilizo kwenye sacco. Ni nzuri, ila si mkopo. Mkopo wa sacco unaufuata kwa akiba na wadhamini.

Simu: rahisi kuliko zote, lakini pima bei

Ukiuliza ni mkopo gani rahisi kuupata, bila kutaja kadi, hakuna kinachoishinda simu. M-Shwari ya tangu 2012, KCB M-Pesa ya 2015, Fuliza ya 2019 inayokukopesha pale salio la M-Pesa lisipotosha, na Hustler Fund ya serikali ya Novemba 2022. Hakuna pesilipu wala barua. Lakini linganisha mkopo wa shilingi 2,000 kwa kila njia uone.

Fuliza ya 2,000: asilimia 1 ya kufungulia, ambayo ni 20, halafu shilingi 20 kwa siku kwa viwango vilivyoshushwa 2022. Siku kumi umefika 220. Ukikaa mwezi mzima ni 620. M-Shwari ya 2,000: asilimia 7.5 mara moja kwa siku 30, yaani 150 kabla ya ushuru. Usipolipa, unaongezewa siku 30 nyingine na asilimia nyingine 7.5. Hustler Fund: asilimia 8 kwa mwaka, muda ni siku 14, hivyo 2,000 inakugharimu kama shilingi 6, ila 5 kwa 100 ya mkopo inazuiwa kama akiba, na unaanzia na kiasi kidogo sana.

Kadi ya mkopo: ukinunua bidhaa za 2,000 dukani na kulipa deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, riba ni sifuri. Benki nyingi hutangaza hadi siku 50 bila riba, na ujanja uko kwenye tarehe ya stetimenti. Ikiwa stetimenti hutoka tarehe 25, ununuzi wa tarehe 26 unapata karibu siku zote 50, na wa tarehe 24 unapata zile ishirini tu za mwisho. Kwa upande wa pili kuna ada ya mwaka. Tena ukitoa pesa taslimu kwa kadi kwenye mashine, riba huanza siku hiyo hiyo na kuna ada ya kutoa juu yake. Usitoe taslimu kwa kadi ya mkopo. Hili nawasihi watu kama ndugu zangu.

Na kulipa kiwango cha chini tu ni mtego. Tuseme una deni la 20,000, riba ni asilimia 3 kwa mwezi, na benki inataka angalau asilimia 10. Unalipa 2,000 ukijiona umepiga hatua, kumbe 600 ni riba na deni limepungua 1,400 tu.

Simu ina faida moja kwa anayeitafuta kadi: rekodi ya M-Shwari au KCB M-Pesa iliyolipwa kwa wakati huonekana CRB. Kwa kijana asiye na historia yoyote, mikopo miwili midogo iliyolipwa kabla ya siku 30 inamtoa kwenye hali ya kutojulikana.

Ningemwelekeza nani wapi

Mwajiriwa wa kudumu, awe bandarini, shuleni au kaunti: benki ya mshahara, kadi ya daraja la chini kabisa, hata kama afisa anakushawishi uchukue ya dhahabu. Ada ya hiyo ya chini ni ndogo na masharti ni mepesi.

Mfanyakazi wa msimu: benki ya mshahara pia, lakini wiki ya kwanza ya mkataba mpya. Ikishindikana, amana.

Mwenye biashara: amana, bila kusita. Na azipitishe pesa za mauzo kwenye akaunti badala ya kuziacha zote kwenye simu, japo kila Ijumaa apeleke kwa wakala aliye karibu.

Aliyeorodheshwa CRB: asiombe chochote kwanza. Alipe, achukue barua ya kumaliza deni, ahakikishe imeandikwa, kisha aanze na amana.

Kijana aliyetoka chuo juzi hana haraka ya kadi. Miezi sita ya mshahara kwenye akaunti moja itamsaidia zaidi kuliko fomu tano.

Mpishi wetu wa samaki, yule niliyemsindikiza mwisho, alifuata njia ya amana. Alikuwa na mkataba wa miezi minane, na ripoti yake ya CRB ilikuwa tupu, haina zuri wala baya. Aliweka 30,000 za bakshishi za Desemba, akapewa kadi ya 24,000 baada ya siku sita. Mwezi wa kwanza alinunua jokofu dogo la mkewe anayeuza juisi ya ukwaju Kisauni, akalipa lote tarehe 12, siku tatu kabla ya mwisho. Juzi alinionyesha simu: benki nyingine imemtumia ujumbe wa kumpa kadi ya pili. Akaniuliza, "Niichukue, dada?" Nikamwambia angoje mpaka Juni, stetimenti sita ziwe zimepita, na kwa sasa ausome ule ujumbe mpaka mwisho, mahali walipoandika ada.